Je, Aliyelishwa Wakati wa Njaa Ana Deni?

Katika nchi yetu ya Ugogo neno njaa si neno la kusoma kitabuni tu. Tuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, uanzao Desemba na kwisha Aprili. Na mvua ikikatika katikati, mwezi wa Februari, uwele hunyauka kabla ya kutoa suke. Kwa hiyo mtu wa Haneti, akiona mbingu zimekuwa nyeupe siku nyingi, hafikiri juu ya mwezi ujao peke yake, hufikiri juu ya mwaka mzima. Kuwasaidia waliopatwa na msiba si shauri la watu wa mbali kwetu. Ni shauri la jirani na jirani: mwaka huu mimi nina ghala nawe huna, na mwaka ujao labda ni kinyume. Basi nataka tulichunguze swali moja ambalo si rahisi kulijibu. Mtu aliyelishwa wakati wa njaa, je, ana deni? Na kama analo, alipe nini, na amlipe nani?

Tuanze na mambo yaliyotokea hapa hapa. Wazee wa Ugogo waliupa msiba mmoja jina la Mtunya, maana yake kunyang'anyana. Ulianza mwaka 1917, ukaisha mwaka 1920. Asili yake haikuwa jua peke yake. Vita ya Wadachi na Waingereza ilipita juu ya nchi hii, na Waingereza waliingia Dodoma mwezi wa Julai 1916. Majeshi yote mawili, moja likirudi nyuma na jingine likifuata, yalichukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua na wanaume wenye nguvu wawe wapagazi, na wengi wao hawakurudi. Mashamba yakabaki mikononi mwa wanawake, wazee na watoto. Kisha mvua ikakosa; tena ukaja ugonjwa wa mafua makali ulioizunguka dunia yote mwaka 1918 na 1919. Wataalamu wa historia hukadiria ya kuwa katika watu 150,000 wa nchi ya Dodoma walikufa 30,000, yaani mmoja katika kila watu watano.

Liangalieni jina lenyewe. Wazee hawakuuita msiba ule Jua Kali, wala Vita. Waliuita kwa jambo walilowaona watu wakitendeana. Maana hakuna njaa iliyo sawa kwa wote. Daima wako waliobakiwa na nafaka. Mwenye nafaka alipata ng'ombe kwa kipimo kidogo. Wengine, walipokwisha kuishiwa na mifugo, wakawaweka watoto wao katika nyumba za wenye chakula, ili mtoto apone na wazazi wapate kibaba. Na mtoto yule huenda alipona kweli. Hapo ndipo penye ugumu wa swali letu: yule aliyempokea mtoto na kutoa nafaka, tumwite mwokozi au tumwite mnunuzi?

Mambo haya si ya Ugogo tu. Mwaka 1943 mamilioni ya watu walikufa kwa njaa katika Bengal, huko Bara Hindi. Amartya Sen, aliyeiona njaa ile akiwa mtoto, akawa baadaye mtaalamu wa uchumi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1981 ya kuwa chakula cha nchi ile hakikuwa kimepungua sana. Waliokufa ni wale ambao kazi yao na vitu vyao havikuweza tena kununua chakula kilichokuwapo. Mfugaji wa Ugogo alilijua jambo hili bila kitabu. Mvua ikikosa, bei ya nafaka hupanda na bei ya ng'ombe hushuka, kwa kuwa watu wote huuza pamoja, na ng'ombe wenyewe wamekonda. Basi njaa humpiga mtu mara mbili. Pigo la kwanza ni la tumbo, na hilo laonekana na wote. Pigo la pili huchukua ng'ombe, na jembe, na mbegu, na hilo halionekani mpaka mvua inaporudi, naye mtu asimama shambani mikono mitupu.

Wasomaji wa Biblia wanaikumbuka habari ya Yusufu katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 47. Njaa ilipozidi, Wamisri walitoa kwanza fedha zao zote wapate nafaka. Fedha zikaisha, wakaleta mifugo. Mwisho wakatoa mashamba yao na miili yao, wawe watumwa wa Farao. Yusufu akawapa mbegu, akaweka sheria ya sehemu ya tano ya mavuno. Nao wakamshukuru kwa kuwaponya. Tusimhukumu Yusufu haraka, maana bila busara yake ya kuweka akiba nchi nzima ingaliangamia. Lakini tusome mbele. Akatokea mfalme mwingine asiyemjua Yusufu, akairithi nchi ambayo ilikuwa imekwisha kununuliwa, na mazoea ya kuwahesabu watu kuwa mali ya mfalme. Na walioumia sana ni jamaa za Yusufu mwenyewe. Nguvu iliyokusanywa na mkono mwema siku ya njaa haifi pamoja na mkono ule. Mtu mwingine huirithi, wala hatujui atakuwa mtu wa namna gani.

Sasa tumtazame Nehemia, sura ya 5. Huyu alikuwa katika kazi ya kujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Katikati ya kazi watu wakalia, wala hawakulia kwa sababu ya uzito wa mawe. Walisema ya kuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba, wapate nafaka. Na binti zao wengine wamekwisha kuwa watumwa. Nao waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Nehemia akakasirika, akakusanya mkutano mkubwa. Tena hakuficha ya kuwa yeye na watu wake nao wamekopesha fedha na nafaka. Akataka mashamba na nyumba zirudishwe siku ile ile, na faida iachwe. Alifahamu ya kuwa mtu hawezi kujenga ukuta wa mji kwa moyo, ikiwa nyuma yake hana shamba wala mtoto wa kumwachia.

Labda msomaji atasema: Maneno haya ni mazuri, lakini mfanya biashara je? Yeye huenda soko la Kibaigwa, hununua mahindi kwa fedha zake, hulipa lori, huyaleta kijijini. Asipopata faida hataleta tena, nasi tutakufa wote pamoja na haki yetu. Neno hili ni la kweli, wala tusilidharau. Mtu aletaye chakula mahali pasipo chakula na kukiuza kwa bei ya kuishi, huyo amefanya kazi njema. Wala siwalaumu wauzao ng'ombe mmoja wapate kula. Mifugo ni akiba, na akiba huwekwa kwa siku kama hizo. Lakini iko tofauti kati ya kuuza chakula na kununua maisha ya mtu. Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa jiwe lile ndilo uhai wa mwenyewe. Kila mama wa Ugogo aliyesaga uwele juu ya jiwe aifahamu sheria hiyo bila kuelezwa. Waweza kudai malipo. Lakini usichukue kitu ambacho pasipo hicho mtu hawezi kula kesho. Ng'ombe wa kumi wa tajiri ni akiba. Ng'ombe wa mwisho wa mjane ni jiwe la kusagia. Bei ya sokoni yaweza kuwa ile ile, lakini mbele ya Mungu si biashara ile ile.

Basi narudi kwa swali la kwanza. Je, aliyelishwa ana deni? Nasema, analo. Tukisema hana, tunamfanya kuwa mwombaji wa siku zote, asiye na heshima ya kurudisha kitu. Lakini deni lake halimpi aliyemlisha mamlaka juu ya shamba lake wala mtoto wake. Kila mmoja wetu amelishwa na Mungu bure kabla ya kumlisha mtu yeyote. Na mtumwa yule wa Injili ya Mathayo, sura ya 18, alihukumiwa kwa sababu alisamehewa deni kubwa, akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Deni la aliyelishwa ni la kumlisha mwingine siku atakapoweza. Na ikiwa ni hivyo, yule amnyang'anyaye mbegu na jembe amemzuia kulilipa deni lenyewe. Mkono mtupu haulambwi, wala hauwezi kumpa mtu kitu.

Kwa hiyo msaada una sehemu mbili, na ya pili isisahauliwe. Mlima Hanang ulipoporomosha matope juu ya Katesh, tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 wakafa, msaada wa chakula na mablanketi ulikuja upesi kutoka pande nyingi. Lakini nyumba haijengwi kwa siku moja, wala shamba lililofunikwa na matope halirudi kwa blanketi. Makanisa yetu ya Kilutheri yamekwisha kujifunza jambo hili. Shirika la TCRS lilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Rwanda. Na huko Mwesi, upande wa Mpanda, walisaidiwa kufanya makao mapya na kulima, wasikae siku zote wakingoja kugawiwa. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huitumia mithali hii kumfukuza mgeni. Mimi naiona kuwa ni mithali ya heshima, maana ampaye mtu jembe amemhesabu kuwa mtu wa nyumbani.

Na sisi hapa tufanye nini? Serikali ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na kazi yake ni kubwa kuliko nguvu za usharika mmoja. Lakini usharika waweza kutunza magunia machache ya mbegu za uwele na mtama, usiyaguse mpaka mvua ya kwanza, kisha ukawakopesha walioishiwa, nao warudishe kipimo kile kile wakati wa mavuno, bila nyongeza. Wazee wa kanisa waweza kumwendea mwenye nafaka na kumwomba kwa upole asiununue mtamba wa mwisho wa jirani. Na mwenye ng'ombe wengi aweza kuifuata desturi njema ya wazee wetu, ampe aliyefilisika ng'ombe wa kumtunzia, watoto wake wapate maziwa. Tena katika mambo hayo yote wenye msiba waulizwe kwanza. Mwenye nyumba ndiye ajuaye mahali paa linapovuja.

Walimu, nanyi mnaoongoza sharika, njaa haiishi siku tunapohesabu magunia yaliyogawanywa. Mvua ya kwanza ikinyesha, tuzunguke nyumba kwa nyumba, tukaulize ni nani asiye na mbegu ya kupanda. Huyo, hata kama amekula jana, njaa yake haijaisha, wala kazi yetu kwake haijaisha.