Kutua Mzigo wa Moyo

Wengi wapitao Kariakoo kila siku hawalifikiri jina lake. Katika Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walipokwisha kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, mahali hapo palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na jina hilo likageuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo. Wapagazi waliokufa katika vita ile huku Afrika ya Mashariki wahesabiwa kwa makumi ya maelfu, na maradhi na njaa viliwaua wengi kuliko risasi. Hivyo soko letu limechukua jina la watu waliotwikwa mizigo isiyokuwa yao.

Wachukuzi wangaliko hapo hata leo. Ukisimama kando ya njia asubuhi utaona ya kuwa mwenye mzigo mzito sana hajitwishi mwenyewe, wala hajitui. Huita, "Nitwishe," na afikapo husema, "Nitue." Wala hakuna amchekaye kwa neno hilo. Lakini mzigo wa moyo twauhesabu kuwa jambo jingine. Mtu mwenye huzuni, au hasira, au hofu, twamwambia ajikaze. Na akiwa Mkristo twaongeza ya kwamba imani yake ni haba. Yafaa tuulize kama neno hilo ni kweli.

Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, nyumba ya ghorofa ilianguka hapo Kariakoo, na watu wengi walikuwamo katika maduka yake. Kazi ya kuwafukua ilichukua siku kadhaa, na wengine waliokuwa hai chini ya kifusi walizungumza na watu wa nje kwa simu zao. Waliookolewa walikuwa zaidi ya 80. Waliokufa walizidi 20. Jumatatu yake watu walikusanyika Mnazi Mmoja kuwaaga, wakiongozwa na Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule.

Baadaye ikaja mikeka ya matanga, na maneno yake twayajua sote. "Ni mapenzi ya Mungu." "Usilie, utamkufuru Mola wako." Siwadharau wasemao hivyo, maana wengi husema kwa upendo, na wengine husema kwa sababu kimya kinawaogopesha. Lakini mama aliyezika mwanawe leo, ukimwambia asilie, hukumtua. Umemtwika mzigo wa pili, ndio aibu ya kulia. Tena katika msiba wa namna ile kuna jambo zito zaidi. Nyumba hujengwa na watu, na hukaguliwa na watu. Serikali yenyewe iliunda kamati ya kuyachunguza majengo ya Kariakoo, maana yake mambo yale yalihesabiwa kuwa ni ya kuulizwa. Basi sisi tukikimbilia kumtaja Mungu kabla ya maswali kuulizwa, tusije tukamshuhudia Mungu uongo.

Kwa hiyo hasira ya waliofiwa isiitwe dhambi upesi. Mtume Paulo, alipowaandikia Waefeso, hakuikataza hasira yenyewe. Aliiwekea mpaka, ndio kuchwa kwa jua. Hasira ina kazi yake, nayo ni kutuambia ya kwamba haki imevunjwa mahali fulani. Ikipewa njia, humpeleka mtu kudai ukaguzi, kuuliza fidia, kusimama pamoja na jirani zake. Ikinyimwa njia, haifi. Soko kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, wako watu waliopoteza mtaji wa miaka mingi kwa usiku mmoja. Mchana mtu huyu acheka na wenzake, asema, "Tunamshukuru Mungu tu wazima." Usiku mke wake amwogopa. Watoto wavunja kikombe, naye awapiga kana kwamba wao ndio walioliunguza soko. Hasira yake imekosa mlango ikatokea dirishani, ikawaangukia wasio na hatia. Mwingine huipeleka kilabuni, na mwingine huificha hata tumbo lake likauma, na dawa ya tumbo haimponyi.

Watu hupenda kunijibu kwa Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike. Na wausome vizuri. Mtume hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Mwenye tumaini naye hulia. Bwana wetu alilia kaburini pa Lazaro, hali akijua ya kuwa punde atamwita atoke. Zaburi ya 88 yaanza kwa malalamiko na kuishia gizani, bila neno la furaha mwishoni, wala waliokusanya Zaburi hawakuiondoa. Na Martin Luther, ambaye jina lake tumeitwa, alipofiwa na binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13, alimwandikia rafiki yake Justus Jonas ya kuwa yeye na mkewe walijua yawapasa kushukuru, lakini hawakuweza bila kulia na kuugua. Ikiwa Luther hakuweza, sijui kwa nini twamdai mchuuzi wa Mtaa wa Kongo aweze.

Huyo huyo Luther, aliyejua sana majonzi, alimwandikia kijana mmoja mwenye huzuni nyingi, Jerome Weller, mwaka 1530, akimwonya asikae peke yake, bali awatafute watu, azungumze, na kucheka. Shauri hilo lafaa Kariakoo hata sasa. Mtu na amtafute mmoja anayeweza kusikiliza bila kuhubiri, amwambie wazi: naogopa, sipati usingizi, namchukia fulani. Jambo lililotajwa kwa jina lake hupungua uzito. Na amlalamikie Mungu kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno mazuri ya ibada tu. Tena ale, alale, atembee kidogo jioni, maana mwili uliochoka huukuza kila uchungu. Na kama majuma yapita naye hawezi kazi, au asikia kelele za kifusi kila alalapo, au aona afadhali kufa, na aende hospitali. Muhimbili wako madaktari wa magonjwa ya akili, na kwenda kwao si kumkana Mungu, kama vile kwenda kwa daktari wa macho si kumkana.

Kwetu sisi tunaowazuru waliofiwa, rafiki za Ayubu wana la kutufundisha, maana walifanya jambo moja jema kabla ya kuharibu yote: waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, wala hawakusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Mikeka ya matanga hukunjwa upesi, na watu hurudi madukani. Nawaomba wazee wa kanisa, na kina mama wa usharika, waandike majina ya waliofiwa katika daftari, wawaendee tena baada ya mwezi wa 3, na wa 6, wakati ambapo hakuna mwingine abishaye hodi. Wasiende na hotuba. Waende na unga kidogo, au sukari, waketi, na mwenyeji akitaka kumtaja marehemu, wamwache amtaje mpaka achoke.