Ndege Mgeni na Wajibu wa Mwenyeji

Msomaji wangu, kumwaga punje za mtama uani na kungoja ndege washuke ni jambo dogo, tena la furaha, na huenda ukastaajabu kuona mtu amekaa kitako kuliandikia insha. Nani awezaye kulaumiwa kwa kumpa kiumbe chakula? Hata hivyo mimi nimepata kulaumiwa, na aliyenilaumu ni nafsi yangu mwenyewe. Nitakueleza kisa changu, kisha utaamua kama hukumu niliyojipa ilikuwa ya haki au ilizidi ukali.

Nilipokuwa nikikaa Mombasa, nyumba yangu ilikuwa na ua mdogo wenye mkomamanga mmoja. Katika mkomamanga huo shore wawili walijenga kiota. Shore, kama humjui kwa jina, ni ndege wa rangi ya hudhurungi, mweusi wa kichwa, mwenye manyoya ya manjano chini ya mkia. Ni mmoja wa wale waanzao kuimba kabla jua halijachomoza. Nilimpenda, nikatamani awe karibu nami zaidi. Basi kila baada ya chakula cha mchana nilitandaza juu ya ukuta wali uliosalia pamoja na vipande vya samaki. Juma la kwanza walikuja shomoro na tetere, nami nikajiona mkarimu. Juma la pili wakaja kunguru. Walikula wali wangu, na walipokwisha kula walikaa ukutani wakitazama huku na huku, na kutoka ukutani kiota kilionekana wazi. Siku moja alasiri nilirudi kazini nikakuta kiota ki kitupu, na shore wawili wanaruka kutoka tawi hadi tawi wakilia. Makinda yalikuwa matatu.

Lililonichoma zaidi ni kwamba sikupata kumwona shore yule akionja wali wangu hata mara moja. Chakula chake hasa ni matunda na wadudu. Nilimwandalia karamu mgeni ambaye sikuwa nimeuliza anakula nini, na waliokuja kuila ni adui zake.

Kunguru hao si wenyeji wa pwani yetu. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wasafishe takataka za mji. Kufikia mwaka 1947 walikuwa wamekwisha kuonekana Mombasa. Aliyewaleta hakuwa mwovu. Alitaka mji safi, akamwita ndege aliyejua kazi hiyo. Kunguru akaifanya kazi, akashiba, akazaa, na alipomaliza takataka akageukia mayai na makinda ya ndege wengine. Mwaka 2024 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Tafakari, msomaji, jinsi jambo hili lilivyo zito: kiumbe aliyealikwa na kizazi kimoja anahukumiwa kufa na kizazi kingine, naye tangu mwanzo hadi mwisho hakufanya lolote ila kula alichokikuta.

Hapa ndipo linapozuka swali lenyewe. Je, nia njema yatosha? Wako wasemao yatosha, kwani mtu hawezi kuulizwa habari ya jambo asilolijua. Neno hili lina ukweli, lakini lina mlango wa nyuma ambao wavivu hupitia. Kuna kutojua kusikoepukika, na kuna kutojua kwa mtu aliyekuwa na macho asitazame. Mimi nilikuwa na macho. Laiti ningalitumia siku tatu kumwangalia shore kabla ya kumlisha, ningalijua chakula chake. Na laiti ningaliinua uso kuwatazama kunguru waliojaa katika mwarobaini wa jirani, ningalijua ni nani atakayeitikia mwito wangu.

Kumjua ndege kwahitaji subira tu. Anza na mdomo wake. Mnana, fundi wa kusuka viota katika minazi, ana mdomo mfupi na mnene, nao ni wa kuvunjia mbegu. Chozi ana mdomo mrefu uliopinda, wa kufyonzea utamu wa maua ya mshubiri. Lakini usiishie mdomoni, maana mdomo husema nusu ya habari. Mnana huyo mla mbegu akiwa na makinda huwatafutia wadudu, kwa kuwa kinda lataka chakula laini chenye nguvu ya kuukuza mwili. Na chozi naye, pamoja na kupenda kwake utamu, huwapelekea wanawe buibui na vidudu vidogo. Kwa hiyo mtu amwagaye mtama asubuhi, kisha jioni akanyunyiza dawa ya kuua wadudu katika bustani yake yote, amemkirimu baba na kuwanyima watoto.

Tena liko jambo la maradhi. Katika Uingereza, ambako desturi ya kuwatundikia ndege chakula bustanini imeenea sana, ulizuka mwaka 2005 ugonjwa wa koo uliowashika ndege wa jamii ya chiriku. Ndege mgonjwa hushindwa kumeza, akatema chakula, na mwenziwe akakiokota. Chiriku wa kijani, ambaye alikuwa miongoni mwa ndege wa kawaida wa bustani za nchi ile, alipungua sana. Mwituni ndege hutawanyika kila mmoja akitafuta riziki yake. Penye sahani moja hukutana wote. Sahani isiyooshwa ni hatari, hata kama mkono ulioijaza ulijaa upendo.

Mpaka hapa nimesema kama kwamba sisi huwalisha ndege kwa ajili yao. Tuwe wakweli. Aghalabu twawalisha kwa ajili ya macho yetu na masikio yetu. Sioni aibu katika hilo, ila ni vema tuliite kwa jina lake: ni biashara, si sadaka. Na biashara yaweza kuwa ya haki. Kaskazini mwa Kenya, Waborana hushirikiana na ndege aitwaye mlembe katika kutafuta asali. Ndege hulia, huruka mbele na kumngoja mtu, mpaka wakafika penye nyuki. Mtu huwafukiza nyuki moshi, huchukua asali, na ndege hula nta na majana yaliyosalia. Utafiti uliotolewa mwaka 1989 ulionyesha kuwa Waborana wakiwa katika nchi wasiyoizoea, bila ndege, walitumia kwa wastani saa 8.9 kuupata mzinga mmoja, na walipoongozwa walitumia saa 3.2. Kila upande una haja na mwenzake, wala hapana aliyemfunga mwenziwe.

Lakini si pote malipo ni sawa. Kati ya Wahadzabe wa Tanzania iliandikwa mwaka 2014 kwamba wawindaji huweza kuyachoma au kuyafukia masega yaliyobaki, ili mlembe akae na njaa, apate kuongoza tena. Sithubutu kuwalaumu, mtu mwenye watoto wanaongoja chakula ana hesabu zake. Wala usidhani mlembe ni malaika: huanguliwa katika kiota cha ndege wengine, na kinda lake huwaua wenye kiota kwa ncha kali ya mdomo wake. Ndege hana daftari la wema na ubaya. Daftari hilo tunalo sisi peke yetu, na ndiyo sababu sisi ndio tuulizwao.

Kwa sababu iyo hiyo usimdharau mkulima wa Mwea, akeshaye katika mpunga tangu alfajiri akipiga makopo na kelele kuwafukuza kwelea kwelea. Kila kwelea hula kiasi cha gramu 10 za nafaka kwa siku, nao huja kwa maelfu. Mtu wa mjini anunuaye kilo ya mchele huo, akawatupia ndege konzi moja na kujiita mpole, ametoa kilichokwisha kulindwa na ukali wa mwingine.

Baada ya kisa kile niliacha kumwaga chakula. Nilipanda mshubiri kando ya ukuta, nikaacha mapapai mawili matatu yaivie mtini, nikaacha dawa za wadudu, nikaweka bakuli la maji lisilo na kina, nikawa nalisugua na kubadili maji kila asubuhi. Shore walirudi. Hawakuwa karibu nami kama nilivyotamani zamani. Yawezekana hawakujua kabisa kuwa mimi niko.

Nilimweleza rafiki yangu mmoja mwalimu, nikitumaini atanisifu. Hakunisifu. Aliniambia, “Wewe umekwisha kuwapenda ndege, ndiyo maana waweza kukaa mbali nao. Mtoto ambaye hajapata kumwona ndege akila hatua tatu mbele yake, atampenda kwa kitu gani? Na asipompenda leo, kesho atautetea mti gani usikatwe?”

Neno lile sijalipatia jibu la kunitosheleza. Siku chache baadaye nilimwona binti wa jirani amechuchumaa uani kwao, mbele yake sinia ya bati yenye chenga za mchele, na tetere wawili wanadonoa. Alikuwa amezuia pumzi. Nilikuwa nimeinuka kwenda kumkataza. Nilifika mlangoni, nikasimama, nikarudi ndani kuchukua brashi na kipande cha sabuni. Nilimngoja tetere wa mwisho aruke, ndipo nikapiga hodi, nikamwonyesha binti yule jinsi ya kusugua sinia yake, na nikamwomba asitie samaki.