Mfereji wa Nne

Gego langu la juu lilitibiwa mzizi hapa Kisumu kwa elfu kumi na mbili. Hiyo pesa mamangu aliitoa chama akijua ni ya kunirudisha chuo. Miezi minne baadaye bado natafuna upande mmoja. Daktari wa pili, mwenye hadubini, aliangalia, akanyamaza, kisha akasema: kuna mfereji wa nne, na haujaguswa.

Sasa, yule wa kwanza alinikosea?

Hasira ilijibu haraka: ndiyo. Lakini wacha tuangalie. Gego la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi mitatu, na ule wa mbele upande wa shavu mara nyingi hubeba mifereji miwili. Huo wa pili ni mwembamba ajabu, na mdomo wake hujificha chini ya dentini. Macho matupu huupita tu. Hadubini hukuza hata mara ishirini, na taa yake inaingia moja kwa moja shimoni. Marekani, tangu miaka ya 1990, anayesomea ubingwa wa mizizi ya meno lazima afunzwe kuitumia. Huku kwetu daktari mwenye kliniki yake anajinunulia, na bei inaweza kuwa ya gari.

Kwa hivyo kutoona simlaumu. Mvuvi wa Dunga humlaumu kwa samaki aliyepita chini ya wavu. Lakini mvuvi hakwambii ziwa limeisha samaki. Daktari wangu alijua mfereji huo huwepo, uko kwenye vitabu vyao, na bado aliniambia, "Tumemaliza, uko sawa." Angesema tu, "Nimetibu nilichoona."

Shida ni kwamba, angesema hivyo, ningeng'oa. Kung'oa ni bei rahisi, na mama angebaki na pesa ya chuo. Pengine alininyamazia ili aniokolee jino. Lakini jino ni langu, na pesa ni ya mama. Kuchagua kulikuwa kwetu. (Nyanya, aliyeng'olewa sita za chini kwa mila zetu Waluo, alicheka: kelele yote hii ni ya jino moja?)

Kabla daktari wa pili hajaziba, nilimuuliza, "Daktari, na wa tano?"

Akarudisha macho kwenye hadubini, akakaa hapo kitambo.

"Sijauona," akasema. "Likiendelea kuuma, rudi. Kuangalia sitakulipisha."