Ugonjwa wa Mimea na Dhana Mbaya

Ndugu msomaji, katika nyanda za juu za Mbeya na Iringa, ambako viazi mviringo ni chakula na pia ni fedha, hutokea jambo la kusikitisha. Mkulima huacha shamba lake limestawi. Baada ya siku chache za mvua na baridi hukuta majani yameingia madoa meusi, kana kwamba yameunguzwa kwa moto, hali shamba la jirani bado ni kijani. Hapo hunong'onezwa, "Umerogwa!" Tangu siku hiyo majirani wawili hawasalimiani tena.

Yafaa tulipime jambo hili kwa elimu na kwa dini.

Elimu yasema wazi kwamba huo ni ugonjwa wa bakajani chelewa, ambao wengi huuita ukungu. Huletwa na kiumbe kidogo mno kifananacho na kuvu. Mbegu zake huchukuliwa na upepo na matone ya mvua, nazo huota juu ya jani lililolowa penye ubaridi. Ugonjwa huu huu uliangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845, na watu wapatao milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Je, nchi nzima ilirogwa na jirani gani?

Wala Mwenyezi Mungu hakuuacha mmea bila silaha. Jani limevikwa ngozi yenye nta. Adui akipenya, mmea uwezao kumtambua huziua upesi chembe zake zilizo karibu naye, ili akose chakula na kufia katika doa dogo. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, A. Frank Ross, alionyesha kwamba mtumbaku ulioshambuliwa na virusi katika majani machache hupata kinga hata katika majani yasiyoguswa. Lakini mmea usiomtambua adui mapema huangamia wote.

Basi shamba la jirani likibaki kijani, huenda amepanda aina yenye ukinzani, au aliwahi kupuliza dawa. Mwendee umwulize, usimshuku. Panda mbegu safi, ng'oa viazi vinavyojiotea, pandishia udongo mashina, puliza dawa kwa wakati, na utafute shauri la wataalamu wa kilimo, kama wale wa Uyole. Kumtegemea Mungu huja baada ya kumfunga ngamia, si kabla.

Kurani Tukufu, katika sura Al-Hujurat, yatukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana. Dhana nayo ni ugonjwa: huanza kwa doa moja moyoni, kisha hula nyumba na kijiji kizima. Mwenye hekima huiua ingali doa.

Mwenyezi Mungu atujalie bidii mashambani na usafi wa nyoyo kwa jirani zetu. Amin.