Je, Ni Halali Kuharibu ili Tujue?

Msomaji, atakaye kujua kazi ya uzi mmoja katika mtego huukata, akatazama kama mtego utafyatuka. Ndivyo wafanyavyo wataalamu kwa chembe za kinga, askari wa miili yetu. Ndani yake mna vijipande viitwavyo mikroRNA, ambavyo huzuia amri za jeni zisitimizwe kupita kiasi. Mwaka 2007 panya walioondolewa kimojawapo, miR-155, walionekana kuwa na kinga dhaifu; na panya waliozidishiwa hicho hicho, chembe zao ziligeuka saratani. Pasipo kuharibu, nani angalijua kwamba mlinzi huyu ana kipimo?

Tangu 2012 mkasi wa CRISPR umeifanya kazi hii kuwa nyepesi, na wepesi huo ndio unitiao hofu. Panya hakuombwa idhini. Hilo nalikubali, ingawa si kwa furaha, kwa ajili ya mgonjwa. Tena chembe iliyokatwa katika kichupa hufa na kosa lake. Lakini mwaka 2018 ilijulikana kwamba He Jiankui, huko China, alikata jeni ya chembe za kinga katika viinitete, wakazaliwa mabinti pacha. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakuulizwa, na mkato huo waweza kuwafikia wajukuu wao. Mwaka 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3.