Spika Mpya na Sikio la Mazoea

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Walakini spika mpya, iingiapo nyumbani kwetu hapa Kamukuzi, jijini Mbarara, aghalabu huja na udhuru wake: "Usiihukumu leo. Ipigishe muziki kwa saa 100, italainika." Swali langu kwa walimu wenzangu ni hili: saa hizo zikiisha, kilichobadilika ni chombo au ni msikilizaji?

Tukipe chombo haki yake kwanza. Ndani ya spika mna koni, ambayo mara nyingi ni ya karatasi, iliyoshikwa na ukingo laini na kitambaa kilichokunjwakunjwa. Koni ikitikisika, vishikizo hivyo hulegea kidogo, na badiliko hilo hupimika kwa vyombo. Lakini ni dogo, na sehemu yake kubwa hutokea mapema, wala haingoji juma zima. Tena waya wa shaba hauna kinacholegea.

Tazama mpiga ngoma. Huiweka ngoma kando ya moto, ngozi ikakaza, naye akaipiga. Tofauti husikika papo hapo. Hatuambiwi tungoje mwezi.

Sikio nalo lina tabia yake: sauti iliyolikera jana, kesho huiona ya kawaida. Isitoshe, mnunuzi aliyekwisha kutoa fedha zake hapendi kukiri hasara. Hungoja mpaka muda wa kurudisha bidhaa upite, kisha hukisifu chombo kwa kazi iliyofanywa na sikio lake. Anayetaka kweli na aweke nyuma ya pazia spika mbili za aina moja, moja mpya na moja iliyotumika, zenye sauti sawa, amwulize asiyejua ipi ni ipi.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingeishia kwenye spika. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wanaishi watu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na wengi wao huunganishwa na Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili Sanifu amsikiapo kwa mara ya kwanza mtoto atokaye Kivu akisema "batu" kwa "watu", huandika kwamba hajui lugha. Muhula ukiisha, humwelewa vyema, akaandika kwamba mtoto ameendelea. Yamkini ameendelea kweli. Yamkini pia aliyelainika ni mwalimu, na mtoto aliadhibiwa mwanzoni kwa ugeni wa sikio la mwingine.

Basi na tuihifadhi kazi ya kwanza ya mwanafunzi, iwe ya sauti au ya maandishi, tuisikilize au tuisome tena siku moja na ile ya mwisho. Ikiwa ile ya kwanza sasa yaeleweka vizuri, hapana budi tukiri: tuliokuwa wapya ni sisi. Spika haidhuriki kwa hukumu ya haraka, mtoto hudhurika.