Mwalimu Atoze Kiasi Gani?

Liko swali moja ambalo laonekana dogo, lakini limeingia katika nyumba nyingi: mtu afundishaye Kiingereza kwa kujitegemea, asiye na mshahara wa serikali wala wa shirika, atoze kiasi gani?

Tutwae mfano wa Umwe, jirani na Ikwiriri, wilayani Rufiji. Tuseme yuko kijana aliyemaliza masomo ya ualimu, akangoja ajira, nayo isije. Amerudi kwao, ametundika ubao chini ya mwembe, na jioni watoto wa sekondari humwendea. Haja yao ni ya kweli. Katika shule za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Aingiapo kidato cha kwanza, hesabu, jiografia na baiolojia humjia kwa Kiingereza. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Mlango umefunguliwa, ila kizingiti cha lugha kimebaki.

Jioni moja mama amjia. “Mwanangu mwalimu, kwa mwezi ni shilingi ngapi?” Kijana ainamisha macho. Akitaja nyingi, ajiona mnyang’anyi. Akitaja kidogo, atalala na njaa.

Wako wasemao ya kuwa elimu ni kipaji cha Mungu, na kuiuza ni dhambi. Neno hilo si la kudharauliwa. Mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterano uliagiza kila kanisa kuu limwekee mwalimu riziki, ili awafundishe bure wanafunzi maskini. Lakini tuangalie vema. Mtaguso haukumwambia mwalimu ale upepo. Ulitafuta kwanza riziki yake itoke wapi, ndipo ukasema bure. Kijana wetu hana wa kumlipia.

Basi, auzacho ni nini? Si elimu yenyewe. Elimu ni kama moto wa jikoni: jirani akija kuomba kaa, jiko halizimiki. Auzacho ni saa zake na jasho lake, nazo zikitoka hazirudi. Ziko saa za kufundisha, na saa za kusahihisha madaftari ambazo hakuna azionaye. Tena iko miezi ya ukame wa wanafunzi. Rufiji familia nyingi huhamia mashamba ya bondeni na kukaa katika madungu kulinda mpunga. Na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za watu, Rufiji na Kibiti. Mwenye mshahara hulipwa hata shule ikifungwa, huyu halipwi.

Tufanye hesabu ya mfano. Nyumba yake yahitaji shilingi 180,000 kwa mwezi, yaani 2,160,000 kwa mwaka, lakini miezi ya kufundisha ni 9 tu. Akiwa na wanafunzi 20, kila mmoja yampasa alipe 12,000 kwa mwezi. Akisahau miezi mitatu mitupu atataja 9,000, na mwisho wa mwaka atapungukiwa na 540,000. Ndipo atakapofunga ubao na kwenda mjini kutafuta kibarua, na watoto watakosa mwalimu. Rahisi ghali. Atajaye 12,000 hajaiba, amehesabu.

Lakini haki hiyo ina mpaka. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha ya kuwa muuzaji aweza kuhesabu hasara yake mwenyewe katika bei, wala hawezi kupandisha bei kwa sababu tu mnunuzi ana haja kubwa. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Oktoba ifikapo wazazi huingiwa na hofu. Mwalimu akitaka bei maradufu, watakopa na kulipa. Kazi ni ile ile na chaki ni ile ile. Kilichozidi ni hofu ya mama. Hofu ile si mali ya mwalimu, hana haki ya kuiuza. Na mwenye mshahara afundishaye nusu ya somo darasani ili auze nusu ya pili jioni, huyo auza kitu kilichokwisha kulipiwa.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na wazazi nao wamo. Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, alionya ya kuwa mapatano peke yake hayaufanyi ujira kuwa wa haki, ikiwa mmoja amekubali kwa kubanwa na shida. Mzazi amwambiaye kijana, “Chukua 5,000 au uache, huna kazi nyingine,” afanya lile lile la mwalimu wa Oktoba: afaidi njaa ya mwenzake.

Na mama asiyeweza kabisa 12,000? Hapa hesabu peke yake haitoshi. Mara nyingi tatizo ni wakati: fedha ya ufuta na korosho huja kwa msimu, na tumbo la mwalimu hudai kila siku. Wapatane: kidogo sasa, hata kwa mchele au samaki, na salio baada ya mavuno, liandikwe daftarini. Kwa mtoto wa mjane au yatima, kijana aweza kutoa nafasi moja au mbili bure, na tutamsifu. Lakini tusimwachie kijana maskini peke yake mzigo wa kuwahurumia maskini wenzake. Wale wa Laterano walijua ya kuwa bure ya mmoja hulipwa na mwingine. Jirani mwenye duka, mjomba aliye Dar es Salaam, jumuiya ya waamini: mmoja wao aweza kulipia mtoto mmoja.

Basi, baba na mama, mwalimu akitaja bei, msianze kwa kuikata. Mwulizeni ameipataje. Nawe mwalimu, uwe tayari kuwaonyesha hesabu yako bila kuona haya. Bei isiyoweza kuelezwa mbele ya mlipaji haijawa ya haki.